Mstari Ulioachwa Wazi

Malindi,
Unguja.
27 Novemba, 1971.

Mpendwa mdogo wangu Mwanakheir,

Assalaam aleikum. Shikamoo uliyoitanguliza katika barua yako imenifika, nami naijibu kabla ya jambo lolote: marahaba. Natumai umeshaachana na ile homa, na kwamba kifua cha shemeji yangu Bakar hakimsumbui tena kwa baridi ya alfajiri ya huko Tanga. Sisi hapa hatujambo. Goti langu la kulia bado linagombana na ngazi, na ngazi za kazini, kama unavyozijua, hazimwonei mtu huruma.

Sikukuu imepita kwa salama. Wifi yako Bi Sichana amemshonea mwanao Kazija gauni la Idd kwa kukisia kimo chake, na amesema kama limekuwa fupi kosa ni la mtoto kukimbilia kukua. Litakuja na mtu wa kwanza tutakayemwamini.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kwa nini nimekuandikia habari za mvua, za majirani na za majumba marefu yanayojengwa Michenzani, lakini juu ya fundi mkuu mpya wa kazini kwetu, ambaye Bi Sichana alikuhadithia ukurasa mzima, mimi sikuandika hata neno moja. Kisha ukamalizia, kwa mwandiko uleule niliokufundisha mimi: "Au kaka ana kijicho?"

Nilipolisoma swali hilo nilikasirika, nikaitia barua yako chini ya godoro. Jana nimeitoa. Jibu ni ndiyo, ninacho. Na kwa kuwa umekitaka mwenyewe, utakisoma chote.

Unajua kazi yetu ya chapa ilivyokuwa tangu nilipoacha kusomesha. Wapanga herufi wakipanga, kurasa za majaribio zikipandishwa juu kwangu, nami nikizisoma kwa kalamu nyekundu. Kitabu kizima kilikuja kwa pamoja, na kitabu kizima kilinisubiri. Hakuna karatasi iliyofika kwenye mashine bila saini yangu. Mgeni akiuliza kazi imefika wapi, watu hawakumjibu kwa maneno. Walimwonyesha marundo mezani pangu. Nisikufiche, nikiyapenda marundo yale.

Mwaka huu wakubwa wakalalamika kwamba vitabu vya skuli vinatoka wakati watoto wameshafunga skuli. Ikaamuliwa atafutwe fundi mkuu, mtu aliyesomea, aipange upya kazi yote kuanzia herufi ya kwanza hadi gari linaloondoka na vitabu. Nilipoisikia habari hiyo nilinunua kofia mpya. Nilidhani nitaitwa.

Nikaitwa kweli, Mwanakheir, lakini niliitwa kukaa na Meneja wetu, Bwana Abrahman, ili nimsaidie kuwauliza maswali watu waliokitaka kiti hicho.

Walikuja wengine, wakaondoka. Kisha akaingia Mmanga Ame, kijana wa Tumbatu aliyekaa Ujerumani Mashariki miaka kadhaa akijifunza chapa katika mji wa Leipzig. Shati lake limepigwa pasi, kalamu ya risasi imechomekwa sikioni kama seremala. Nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya mtu ninayetaka kumwangusha. Nikamwambia, "Kitabu kikichelewa, kosa ni la nani?"

Akasema, "Kosa ni la njia, Mwalimu. Ukimtafuta mtu wa kumlaumu, kila siku utampata, na kitabu kitaendelea kuchelewa."

Bwana Abrahman akapiga meza kwa furaha. Mimi nikaona uso unanipata moto, kwa sababu yule kijana alikuwa hajawahi kuiona meza yangu, naye ameshaieleza.

Akachukuliwa kwa majaribio mpaka Idd. Baadaye Bwana Abrahman alinivuta kando. Akaniambia kwamba baada ya sikukuu, mimi niliye mzee wa pale ndiye nitakayetoa neno la mwisho: nikisema kijana anafaa, atabaki, nikisema hafai, atarudishwa alikotoka na kiti nitakikalia mimi. Alidhani ananiheshimu. Kumbe amenipa kitu cha kulala nacho kila siku.

Mambo aliyoyafanya Mmanga ni haya. Alikataza kitabu kungoja kikamilike. Kila ukurasa ukishapangwa, usomwe siku ileile, urekebishwe, uwekwe. Aliamuru ukurasa wa zamani usivunjwe herufi zake mpaka mpya wake ukubaliwe, ili tukikosea tuwe na mahali pa kurudi. Na ukutani, palipokuwa na picha ya mashine kuukuu, alitundika ubao wenye misumari, kila msumari na jina la mtu chini yake, na kila ukurasa ukakatiwa kibao kidogo cha mti. Ukurasa uko kwa nani, kibao kinaning'inia kwake.

Siku ya kwanza ya ubao ule sitaisahau. Misumari yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja, na mmoja huo umebeba vibao mpaka umeinama. Chini yake limeandikwa jina langu: Mjaka.

Unamkumbuka Khamisa, mpanga herufi wetu, yule mwanamke asiyejua kuuzuia ulimi? Alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha wino, "Loo! Siku zote tukiitukana mashine, masikini, kumbe vitabu vimelala kwa Mwalimu!"

Wakacheka wote. Mmanga peke yake hakucheka. Ningependa angecheka, nikapata sababu ya kumchukia.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama kwa jicho la kutafuta. Hupanda ngazi mbili mbili, nami nikiwa nimeshikilia ukuta. Wapiga mashine ambao miaka yote nikiwaamkia wananijibu kwa kichwa, yeye wanamwita waje wamwonyeshe kitu. Wanafunzi wa kazi walizoea kuja kwangu na maswali. Sasa wanautazama ubao, wanapata jibu, wanakwenda zao. Vitabu vya darasa la pili vimetoka kabla ya muhula, na mwalimu mkuu mmoja alikuja kushukuru. Alimshukuru Mmanga. Nilikuwa nimesimama palepale na kalamu yangu nyekundu mkononi, na makosa ya kitabu hicho niliyaondoa mimi.

Haikutosha hayo, akaingia na nyumbani.

Ulipoanza mwezi wa Ramadhani, Bi Sichana alisikia kwamba fundi wetu anaishi chumba cha kupanga na hana wa kumpikia futari. Akauliza, "Mtu wa wapi?" Nikamwambia wa Tumbatu. Mke wangu, kama ujuavyo, ni mtu wa hukohuko. Jioni ya pili yake kijana alikuwa ukumbini kwangu, sahani ya muhogo wa nazi mbele yake, na wanazungumza kile Kitumbatu chao kwa kasi ambayo mimi siifuati.

Usinielewe vibaya; Bi Sichana angeweza kumzaa. Kilichonichoma ni kingine. Tangu tuoane nimekuwa nikimsahihisha maneno yake, hili lisemwe hivi, lile lisemwe vile, naye kidogo kidogo akazoea kula kimya. Nilidhani amekuwa mpole. Jioni ile nilimsikia akicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikauliza kilichochekesha ni nini. Akasema, "Hakisemeki kwa Kiswahili chako, mume wangu. Hicho chako cha kuandikia, hiki chetu cha kuchekea."

Mmanga akainamisha kichwa kwa heshima na kubadilisha lugha kwa ajili yangu. Mazungumzo yakafa papo hapo. Kwa hiyo hata upole wake ulinionyesha kwamba mimi ndiye niliyeyaua.

Sasa nikuhadithie karatasi ya Idd, maana hapo ndipo ilipokuwa mizani yangu.

Zamani, karatasi ile tulianza kuipanga mwezi ukishatangazwa. Swala itaswaliwa wapi na saa ngapi, watoto watachezea wapi, magari ya vijiji vya shamba yataondoka lini. Ilitoka ilipotoka. Watu wa Makunduchi waliipata wamesharudi kuswali na wengine wameshakula pilau, wakaitumia kufungia halua. Nami nikisema kwamba karatasi iliyochelewa lakini isiyo na kosa ni bora kuliko ya mapema yenye aibu.

Mmanga akaipanga yote kabla mwezi haujaandama, na juu kabisa, kwa zile herufi kubwa za mbao, akaweka: MWEZI UMEONEKANA. Akaniletea niitie saini.

Nilikataa mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Nani aliyeuona? Wewe?"

Akasema, "Haujaonekana, Mwalimu. Karatasi inasubiri tu."

"Karatasi inayosubiri haisemi kwamba umeonekana. Mimi sitii saini yangu chini ya jambo ambalo halijatokea. Huo ni uongo uliovaa nguo za sikukuu."

Nilidhani ataleta maneno ya Leipzig. Akauendea ukurasa wenyewe wa herufi uliokuwa juu ya meza, akauchomoa mstari ule kwa vidole vyake, herufi baada ya herufi, akaniwekea kwenye kiganja. Mahali pake akaacha wazi. Akasema, "Mwalimu amesema kweli. Basi mstari huu uwe wako. Kila kitu kitakuwa tayari, na hakuna kitakachotoka mpaka uuweke wewe kwa mkono wako."

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Nilipokuwa nikivua viatu ndipo nilipotambua kwamba ameniandalia msumari mwingine.

Ikafika jioni ya mwezi ishirini na tisa. Tulifuturu kazini kwa tende na maji. Mashine imepakwa wino, karatasi zimepangwa, gari la shamba liko mlangoni na dereva wake amekaa ndani. Bwana Abrahman alikuwa kwake. Amri yote ya kutoa ilikuwa ya Mmanga. Redio iko juu ya kabati, inasoma Kurani tu.

Mara tukasikia kelele kutoka upande wa Darajani, watoto wanapiga makopo na kupiga vigelegele. Khamisa akaingia mbio, kanga imemwanguka begani. "Umeonekana! Umeonekana Mkokotoni! Gari limekuja sasa hivi na habari, mjini watu wameshaanza kupeana mikono! Mwalimu, lete hizo mbao!"

Mmanga hakuigusa mashine. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, unasemaje?"

Ndugu yangu, sikiliza vizuri hapa. Herufi zilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua moyoni kwamba habari ile haina miguu, maana mawingu ya upande wa magharibi niliyaona mwenyewe nilipokuwa nikitia udhu. Nilijua pia kwamba nikiuweka mstari, karatasi zitakwenda kisiwa kizima, na zikiwa za uongo hakuna atakayeuliza nani aliyeuweka. Watauliza ni njia ya nani hii ya kutengeneza sikukuu kabla ya sikukuu. Kijana angeondoka kabla ya Idd yenyewe. Kiti nikakiona, na meza yangu ikiwa na marundo yake, na ukumbi wangu ukiwa kimya kama zamani. Neno moja tu lilihitajika, na neno lenyewe nimeulizwa kwa adabu.

Nikatia mkono mfukoni. Niliishika herufi ya kwanza mpaka pembe zake zikaniuma.

Kisha nikawafikiria watu wa Makunduchi, ambao wangeamka asubuhi na kula mchana wa Ramadhani kwa sababu karatasi imesema, wazee wasiojua kusoma wakisomewa na wajukuu wao. Nikasema, "Redio haijasema."

Khamisa akaruka. "Redio nayo labda inamngoja Mwalimu!" Wakacheka, lakini Mmanga akawaambia, "Mstari ni wake. Tungoje."

Tukangoja. Muda si mrefu likaja tangazo: mwezi haukuthibiti, Ramadhani inakamilisha thelathini. Na yule aliyeuona Mkokotoni, alipotafutwa, kila mtu alisema alihadithiwa na mwenziwe. Mmanga akatoka mlangoni kumwambia dereva aende akalale. Khamisa akairudisha kanga yake begani.

Nataka ujue jambo hili, usije ukanipa sifa nisiyoistahili. Sikumzuia kwa kumpenda. Kama kosa lile lingemwangukia yeye peke yake, sijui ningesema nini.

Siku ya pili mwezi ukatangazwa mapema. Nikauweka mstari, mashine ikaunguruma, na kabla watu hawajamaliza kutoka kuswali Isha gari lilikuwa limeshaondoka. Makunduchi waliisoma usiku uleule. Wamekuja watu kutoka shamba kutueleza, kana kwamba sisi hatukuwepo.

Na Mmanga, pale mbele ya Bwana Abrahman na wafanyakazi wote, akasema, "Aliyetuokoa ni Mwalimu Mjaka. Bila yeye tungeiaibisha nchi nzima." Wakanipigia makofi. Hebu fikiri hali yangu! Katika miezi yote hii nimepata sifa moja tu, nayo nimepewa na yeye, kama mtu anayemgawia jirani chakula kilichozidi.

Jana nikaitwa juu. Bwana Abrahman akafunga mlango, akasema muda wa majaribio umekwisha na neno ni langu. Dirishani kwake yanaonekana yale majumba ya Michenzani, marefu, yamenyooka, wala hayajapata wakaazi.

Nikasema, "Abaki."

Akasema, "Hilo tu, Mwalimu?"

"Hilo tu. Ukitaka maneno mengi, mwite Khamisa."

Nilimkuta Mmanga amesimama kwenye ngazi. Alikuwa ameshajua, sijui nani alimwambia. Akataka kuubusu mkono wangu, nikauvuta, nikamwambia goti linaniuma. Basi akanishika kiwiko na kuniteremsha mpaka chini, ngazi moja moja, yeye ambaye huzipanda mbili mbili. Sikumshukuru.

Hivyo ndivyo ilivyo. Kijicho hakijanitoka, Mwanakheir. Asubuhi hii nimesikia nyayo zake zikipanda na nikakiona kimeamka pamoja nami. Sikukuandikia ili unipoze, wala usimwambie Bi Sichana, ambaye bila shaka anajua. Leo jioni Mmanga anakuja kula kwetu. Nimemwambia mke wangu wazungumze lugha yao, wasinihurumie. Akanitazama kama mtu aliyebadilishiwa mume, kisha akauliza kama nina homa.

Msalimie sana shemeji Bakar, na umwambie asali ya mwituni ilifika ikiwa salama. Msalimie Kazija, na bibi yake Mwanapili kama bado ananikumbuka. Jirani yako Shemsa mwambie kanga alizoagiza, Bi Sichana amezipata na ameshazitia sabuni mara moja, kwa hiyo asilalamike rangi.

Ndani ya bahasha nimekutilia karatasi ya Idd, kama ninavyofanya kila mwaka. Itazame vizuri. Ni safi, haina kosa hata moja, na mistari yake imelingana yote isipokuwa ule wa juu kabisa, ambao umepanda kidogo upande wa kulia kwa sababu mkono wangu umezoea kalamu, si herufi za mbao. Mmanga aliuona kabla mashine haijaanza, akataka kuunyoosha. Nikamkataza. Mistari mingine yote ni yake. Huo ni wangu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akukuzie watoto, na atukutanishe katika nyumba ya wazee wetu kabla goti hili halijanishinda kabisa.

Kaka yako akupendaye, pamoja na kijicho chake,

Mjaka